Dakika Hamsini Kutoka Butembo

Masika mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia mambo ya chandarua, ya maji ya kunywa, ya kutotembea na simu mkononi huko Kinshasa, na mambo ya wavulana. Ameyasema mara tatu mbele yangu, na mara ya tatu nilikuona ukitazama dari. Mimi sitayarudia. Umekwenda Keshero kuaga marafiki zako, nami nimekaa hapa mezani na daftari lako la zamani la hesabu, lile lenye kurasa nyingi tupu nyuma, ili niandike jambo ambalo ningepaswa kukuambia kwa mdomo siku nyingi zilizopita.

Nalisema kwanza, kabla sijapata njia ya kulizunguka, maana najijua. Mukaka wako, mama yangu, hakuogopa ndege. Nilikudanganya. Siku ile alifika uwanjani Butembo mapema kuliko abiria wote, akapimwa kwenye mizani pamoja na mkoba wake, akakaa kwenye benchi akingoja kuitwa. Mimi ndiye niliyelifuta jina lake kwenye orodha.

Ukitaka kuacha kusoma hapa, nitaelewa. Lakini nakuomba uendelee. Umekuwa na hasira na mtu aliyekufa, na hasira hiyo niliitengeneza mimi. Kesho unavuka mpaka. Sitaki uifikishe Kinshasa ukidhani ni yake.

Unajua kazi niliyokuwa nayo kabla uwanja wa ndege wa hapa Goma haujafungwa. Nilikuwa mkuu wa ajanse, yaani ofisi ya tiketi, ya kampuni ndogo ya ndege, zile ndege ambazo abiria anapimwa kilo kama gunia la maharage kabla ya kupanda. Watu wanene walikuwa wakinichukia. Mama mmoja wa Birere alinibembeleza nimwandikie kilo kumi pungufu, si kwa sababu ya nauli, bali kwa sababu shemeji yake alikuwa amesimama nyuma yake kwenye mstari. Nilimwandikia. Nilikuwa mtu mwema kwa mambo madogo.

Kazi ile ilinipa kiburi cha ajabu, kiburi cha mtu anayejua kila mahali ni umbali gani. Mtu akiniuliza Bunia ni wapi, sikusema ni kaskazini, nilisema ni saa moja. Kisangani, saa moja na kidogo. Kinshasa, saa mbili na kitu, na kwa kuwa saa za kule ziko nyuma ya saa zetu, niliwatania abiria kwamba watakunywa chai ya saa nne Goma, na wakifika Kinshasa watakuta saa nne bado haijapita sana. Butembo, dakika hamsini. Nchi nzima niliiweka mfukoni namna hiyo. Wewe ulipokuwa mdogo ulinisikia, ukawa unaniiga mbele ya wageni, nao wakacheka, na mimi nikafurahi.

Nakumbuka mchana mmoja, vita vikiwa vimeanza kusogea tena upande wa Masisi. Aliingia bironi, pale ofisini kwangu, mama mmoja akiwa na godoro kichwani na watoto wawili. Hakutaka ndege, alitaka tu kivuli na maji. Nikampa maji, nikamuuliza ametoka wapi.

"Nimetoka Sake," akasema. "Tuliondoka jana asubui."

Nikasema, mbele ya wateja, tena kwa sauti ya kutaka kuchekesha: "Jana? Mama, Sake iko hapa tu! Na gari haipite saa moja."

Yule mama alinywa maji akamaliza. Akanitazama. "Eeh papa, iko hapa tu," akasema. "Njo maana mutoto wa tatu alinishinda kubeba."

Sikumuuliza mtoto wa tatu yuko wapi. Kulikuwa na wateja, simu ililia, nikaipokea. Nilipogeuka, mama yule alikuwa ametoka na godoro lake. Nimemkumbuka mara nyingi kuliko watu wengi niliowajua kwa miaka, na jina lake silijui. Siku ile nilidhani nimekosa adabu tu. Nilikuwa bado sijajua kwamba ni tabia, na kwamba tabia hiyo ilikwisha kuingia hata nyumbani kwangu.

Maana angalia nilivyoishi na mama yangu mwenyewe. Nilipokuja Goma nikiwa kijana, nilikuja juu ya lori la viazi. Siku mbili, na usiku mmoja tumekwama kwenye matope kule Kanyabayonga. Miaka ile nilikuwa narudi Butembo kila Noeli. Nilitapika njiani, nililala chini ya lori, na nilirudi. Wewe mwenyewe nilikupeleka kwa njia ile ulipokuwa na miaka minane. Ulianza kutapika Lubero, ukanitapikia viatu, na mukaka alipokupokea alikuosha kabla ya kunisalimia mimi. Ulikaa kwake likizo nzima. Ulirudi unajua Kinande kuliko mimi, na ulikuwa umekataa kusuka nywele kwa mtu mwingine yeyote.

Halafu nikapata kazi ya ndege. Na tangu Butembo ilipokuwa dakika hamsini, sikwenda tena.

Nisikuongopee, kampuni ilikuwa ikinipa nafasi yangu ya bure kila mwaka. Mwaka wa kwanza nilisema nitakwenda Pasaka. Pasaka nikasema, basi, wakati wowote ninaweza, si ni hapo tu? Mwaka wa pili nilimpa nafasi yangu rafiki. Baadaye sikukumbuka hata kuiomba. Badala ya kwenda nilituma vifurushi. Sukari, dawa za presha, kitenge, sabuni, redio. Kila nilipojisikia vibaya nilituma kifurushi kizito zaidi. Yeye naye alituma vyake: matunda ya marakuja, vitunguu, maharage mekundu, na mara moja kuku mzima aliyefika akiwa amelala ubavu, akaamka jikoni kwetu na kumtia mama yako kiwewe. Nilikuwa nikisema kwa majigambo kwamba mimi na mama yangu tunaonana kila wiki. Miaka tisa, Masika. Hatukuonana miaka tisa, na tulikuwa karibu mno.

Sasa siku yenyewe.

Macho ya mukaka yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Unakumbuka tulisikia kwamba daktari wa macho atakuja Goma kwa juma moja kufanya upasuaji, na wewe ndiye uliyelishikilia jambo hilo. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, mitihani ya taifa iko karibu, lakini jioni uliacha vitabu ukampigia simu kumshawishi. Yeye alikuwa anasema amezoea giza lake. Wewe ukamwambia, nilikusikia kutoka chumbani: "Mukaka, miye niko Masika na weye uko Masika. Utakufa bila kuona ile Masika ingine imekuwa namna gani?" Akacheka mpaka simu ikakatika. Siku iliyofuata akasema atakuja.

Wewe ulifagia chumba chako ukakiacha kwake. Ulikwenda kuazima godoro kwa jirani kwa sababu letu lilikuwa jembamba. Ulimnunulia kandambili za kijani. Nayaandika haya yote ili ujue kwamba niliyaona. Sikufanya nilichofanya kwa kutojua.

Ilikuwa Jumanne. Saa nne asubuhi nilikuwa bironi, na ndege ilikuwa Butembo tayari ikipakia kurudi Goma. Akanipigia mfanyabiashara mmoja mkubwa wa mjini, ambaye sitalitaja jina lake, maana kosa si lake. Alikuwa anaoza binti yake Jumamosi. Nguo za maarusi na wasindikizaji zilishonwa Butembo, maboksi matatu, na fundi alikuwa amechelewa kuyafikisha uwanjani.

"Direkta yangu," akaniambia, "bila weye hii ndoa inakufa. Maboksi tatu tu. Fanya kitu."

Sikuwa direkta. Alijua sikuwa direkta. Lakini alilitamka neno lile vizuri, na akaongeza kwamba ningekaa meza ya mbele pamoja na wakubwa. Nikamwambia angoje kidogo. Nikampigia Kambale, kijana wetu wa uwanja wa Butembo, yule mwenye mizani.

Kambale akasema: "Chefu, ndege imejaa. Maboksi iko kilo sitini. Kama inaingia, mutu moja anatoka. Nitoe nani?"

Nikamwambia anisomee majina. Akasoma. Kulikuwa na padri. Kulikuwa na mama mwenye mtoto mgonjwa. Kulikuwa na mwanajeshi, na wafanyabiashara watatu ambao wangenivunjia meza. Kulikuwa na mwalimu mmoja mwenye maneno mengi. Na mwishoni alikuwa mama yangu, kilo sitini na moja pamoja na mkoba.

Nilimchagua yeye kwa sababu ndiye peke yake ambaye hangelalamika.

Nimejaribu kutafuta sababu nyingine, Masika. Nimejiambia kwamba sheria ilinikataza kumtoa mgonjwa, kwamba padri alikuwa na misa, kwamba ndege nyingine ilikuwepo Alhamisi na daktari angekuwa bado yupo. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililokuwa kichwani mwangu wakati ule. Kichwani mwangu kulikuwa na kitu kimoja: huyu atanyamaza. Nikasema: "Toa mama yangu. Atakuya siku ya ine."

Kambale akasema: "Chefu, mama mwenyewe? Amefika hapa saa kumi na mbili."

"Alhamisi si mbali," nikasema. "Ni dakika hamsini tu. Mwambie."

Nikamsikia akimwambia kwa Kinande. Na nikasikia sauti ya mama yangu, kwa mbali, kwenye simu ileile. Alisema: "Mumwambiye asiangaike. Mimi ninarudia nyumbani polepole."

Na sikuhangaika. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Nilimpigia yule mkubwa kumwambia kwamba nguo zake zinakuja, akanishukuru, na nikanywa chai.

Nilipofika nyumbani ulikuwa umesimama getini na mama yako. Ulikuwa umevaa gauni la kanisani. Ukatazama nyuma yangu, ukauliza: "Papa, Mukaka iko wapi?"

Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba ndege ilijaa. Lakini ungeuliza ilijaaje na mimi ndiye ninayeandika orodha. Wewe huwa unauliza. Basi mdomo wangu ukatoa kitu kingine. Nikasema: "Ameogopa. Amefika mpaka uwanjani, akaona ndege, akarudi nyumbani."

Nilidhani ni uongo wa siku mbili. Alhamisi angeshuka, ungemrukia, hakuna ambaye angekumbuka lolote. Uliingia ndani, ukavua gauni. Mama yako aliniambia baadaye kwamba umesema: "Kama dakika makumi tano zinamushinda, basi yeye hatupendi." Ulikuwa umeyachukua maneno yangu mwenyewe, kipimo changu mwenyewe, ukampimia.

Alhamisi ndege haikwenda. Mapigano yalikuwa yamefika karibu na mji, na kampuni ikasimamisha safari zote. Jumamosi ndoa ilifungwa hivyo hivyo, haraka haraka, watu wakisikiliza milio ya mbali katikati ya hotuba. Nilikwenda. Nilikaa meza ya mbele. Nguo zilikuwa nzuri, za rangi ya dhahabu, nami nilizitazama zikipita mbele yangu, nikala wali. Sijui kwa nini nakwambia kwamba nilikula. Nadhani ni kwa sababu nilikula vizuri.

Juma lililofuata unalijua, ulikuwepo. Tulilala sakafuni sote wanne, wewe na mdogo wako mkiwa chini ya meza hii. Uwanja ukafungwa. Barabara ya Rutshuru ikakatwa, upande huu wanatawala watu wengine na upande ule watu wengine. Butembo ikawa mahali ambapo sauti tu inaweza kufika, pale mtandao unapokubali.

Naye mukaka alipiga simu. Alipiga kila Jumapili. Alinisalimia mimi, mama yako, kisha akauliza: "Na Masika?" Nami nikakuletea simu. Mara ya kwanza ukasema: "Mwambie niko nasoma." Nikamwambia. Akasema: "Acha asome." Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu ulitikisa kichwa tu. Mimi nilisimama katikati yenu na simu mkononi. Sentensi moja ingetosha. Nilikuwa nayo mdomoni kila Jumapili kwa miezi miwili, na kila Jumapili niliimeza, kwa sababu sikutaka unitazame kama unavyonitazama labda wakati huu unaposoma.

Mara ya mwisho aliniuliza: "Paluku, ule mutoto nilimukosea nini?" Nikasema hajakosewa chochote, ana mitihani. Akasema: "Mitihani, sawa." Kwa sauti yake nilijua hakuniamini.

Siku nne baadaye ndugu zangu wa Butembo wakanipigia kwamba ana homa kali na hazungumzi vizuri. Nikaondoka asubuhi iliyofuata. Unakumbuka nilivyoondoka, nilikwambia nakwenda kumwona mukaka, na wewe ukasema "sawa" bila kuinua macho kwenye kitabu. Nilitembea kwa miguu mpaka mpakani, nikaingia Gisenyi, nikapanda basi la Kigali. Kutoka Kigali nikaingia Uganda. Nikalala Kabale kwenye kiti. Nikafika Kasese, nikavuka Kasindi kurudi nchi yetu, kisha Beni, tukingoja kwa saa nyingi magari yakusanyike ili yaende pamoja kwa sababu ya usalama. Nchi tatu ili nitoke Kivu ya Kaskazini nifike Kivu ya Kaskazini. Siku tatu. Ndani ya kila gari nilikuwa nahesabu, sikuweza kujizuia: hapa tungekuwa tumekwisha kutua, hapa tungekuwa tumetua mara kumi.

Walikuwa wamemzika siku moja kabla. Ndugu zangu walinipokea kwa adabu, hakuna aliyenilaumu. Waliniambia tu: "Hatukuweza kukungoja zaidi." Nikakaa kwenye kilio kama mgeni, watu wakinipa pole kwa safari ndefu.

Kambale alikuja jioni. Aliketi kando yangu, akaanza kunisimulia kitu ambacho sikukijua. Kila mara nilipotuma kifurushi, mukaka alikuja kukichukua mwenyewe, na kila mara alipotuma chake, alibaki uwanjani baada ya ndege kuruka. Aliuliza, "Imefika?" Kambale akamjibu bado. Akakaa. Akauliza tena. Dakika hamsini zikiisha, na Kambale akisema sasa imetua Goma, alisimama, akajikung'uta kitenge, akasema: "Basi Paluku amepata maharage," akaenda nyumbani. Miaka tisa alifanya hivyo. Jumanne ile alipotolewa kwenye orodha, akafanya hivyo hivyo. Alikaa mpaka ndege yenye maboksi ikafika. Ndipo akaondoka.

"Na alisemaka nini?" nikamuuliza.

Kambale akasema: "Aliniuliza kama weye hautapata matatizo kwa kazi juu yake. Nikasema hapana. Akasema basi."

Nililia pale mbele ya watu, Masika. Si kilio cha mwana aliyefiwa. Nililia kwa aibu, na sote tunajua tofauti yake tukiisikia.

Mama yako nilimwambia niliporudi. Hakunipigia kelele, ambayo ingekuwa nafuu. Alisema tu kwamba hilo ni langu na wewe, hatalisema yeye. Amelinyamazia mwaka mzima. Leo asubuhi, akikunja shuka zako kwenye sanduku la safari, akaniambia: "Baba Masika, mutoto anavuka kesho. Na iko kitu yako bado haujaweka ndani." Nikajua anachosema.

Sasa wewe nawe unakwenda mbali. Zamani Kinshasa ilikuwa saa mbili na kitu kutoka hapa, ningekupima mwenyewe kwenye mizani na kukutania juu ya kilo zako. Kesho utavuka mpaka kwa miguu, upande basi, ulale Kigali, uruke mpaka Nairobi, ungoje, ndipo uruke tena, upite juu ya nchi yako mwenyewe uifikie upande wa pili. Nimeiandika njia yote kwenye karatasi, ni kazi ya mikono yangu na siwezi kuiacha. Lakini nilipomaliza kuiandika niliona kwamba sijui tena maana ya zile saa. Miaka yote nilidhani ninapima umbali. Nilikuwa napima ndege.

Sina ushauri mwingi. Ninao mmoja, nao haunipendezi kwa sababu umetoka mahali pabaya. Siku moja, huko, utakuwa na kazi nyingi na watu wengi wanaokuhitaji, na itabidi mmoja wao asubiri. Utajikuta unamtafuta yule asiyelalamika. Sote tunafanya hivyo, mkono unakwenda wenyewe. Ukiona mkono wako unakwenda kwake, simama kidogo umtazame vizuri ni nani. Mara nyingi atakuwa mtu anayekupenda. Wale wengine watapata nafasi tu, maana wana sauti.

Na sisi tulio hapa, usituite karibu. Hata simu ikiwa inafika mara moja, hata uwanja ukifunguliwa kesho kutwa na ndege zikarudi. Niliyemwita karibu ndiye niliyempoteza.

Siwezi kukuahidi kwamba njia ikifunguliwa tutakwenda pamoja Butembo kwenye kaburi lake. Ningependa. Lakini mimi ni mtu aliyekwisha kusema Alhamisi, na nimejikataza kuahidi siku. Nikienda nitakwambia nikiwa nimekwisha kufika. Kitu ninachokuomba ni kwamba umrudishie kile nilichomnyang'anya. Alikuja. Ulipokuwa ukivaa gauni la kanisani, yeye alikuwa uwanjani tangu saa kumi na mbili asubuhi, haoni vizuri, na mkoba wake kwenye mapaja. Kambale aliniambia kilichokuwamo: nguo mbili, rozari, na uzi wa kusukia nywele. Alikupenda kuliko alivyonipenda mimi, na alikuwa na haki.

Hasira yako usiizime kwa ajili yangu. Igeuze tu, ielekee huku.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii katikati ya nguo zako, uikute ukiwa Nairobi, ukingoja ndege ya pili, na mimi nikiwa mbali na macho yako. Nilikwisha kutafuta hata bahasha. Nimeirudisha bahasha kabatini. Nitakupa karatasi hizi mkononi, leo, ukiingia tu, na nitakaa mbele yako mpaka umalize ukurasa wa mwisho. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kunipigia kelele, nipigie, majirani wasikie, hawa wamesikia mengi. Na ukitaka kesho uende mpakani na mama yako peke yake, bila mimi, nitabaki nyumbani, na sitasema kwamba nina kazi.

Papa yako,
Paluku